Bastola ya Mtu Anayeanza

Mwezi wa nane mwaka 2024 kuna picha moja ilizunguka kwenye simu zote za vijana hapa Bwera. Bila shaka na nyinyi wa Rwamwanja na Kyaka mliiona. Ni ya Yusuf Dikeç, Mturuki wa miaka 51, amesimama kwenye Olimpiki ya Paris. Amevaa fulana nyeupe na miwani ya kawaida ya kusomea gazeti. Mkono mmoja uko mfukoni, mwingine umenyoosha bastola. Alipata medali ya fedha yeye na mwenzake wa kike, Şevval İlayda Tarhan. Vijana wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema huyu mzee alitumwa mkate dukani, akapitia Olimpiki kidogo, kisha akaendelea na safari ya mkate.

Mimi sikucheka sana. Nikiona bastola popote, hata kwenye picha, tumbo langu linakaza.

Nina miaka 26. Nilimaliza sekondari Beni, nikavuka Kasindi kuja Mpondwe mwaka 2018 na begi moja la nguo. Sababu za kuvuka sitaziandika hapa, kila anayesoma gazeti hili anazo za kwake. Ninakaa kwa mama mdogo, na jioni ninashinda na vijana: mpira, kusoma, kuimba, kuongea. Wengine ni wakimbizi kama mimi, wengine ni watoto wa hapa. Sisi Wanande wa ng'ambo na Wakonzo wa huku lugha yetu ni karibu moja, kwa hiyo mgeni akija hajui nani ni nani, na mimi napenda iwe hivyo.

Sasa kati yao kuna kijana wa miaka 15. Jina lake naliacha. Wiki mbili baada ya ile picha, alikuja na bastola ya mti. Alikuwa ameichonga yeye mwenyewe kwa kisu, akaipaka masizi na mafuta mpaka ikawa nyeusi kabisa. Alisimama mbele ya wenzake, mkono mmoja mfukoni, akaielekeza barabarani.

Naomba mtu asiyekaa huku anielewe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa Mpondwe. Walikufa watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Shule ile iko karibu na mpaka, unaweza kwenda kwa miguu. Tangu siku ile wanajeshi wanapita barabarani mchana na usiku, na askari aliyechoka hawezi kujua kwa mbali kama kitu cheusi mkononi mwa mtoto ni mti au ni chuma. Na mtoto mwenyewe akiwa ni wa Kongo, hatapata muda wa kueleza.

Basi nilimnyang'anya. Sikuongea naye pembeni kama mtu mzima. Nilimfokea mbele ya wote, nikaenda jikoni kwa mama mdogo, nikaitia kwenye moto chini ya sufuria ya maharage. Alisimama akaiangalia inaungua. Halafu akasema polepole, "Yaya, ile haikuwa ya kuua. Ilikuwa ya kulenga."

Akaondoka. Hakurudi kwa wiki mbili.

Neno lile lilinisumbua usiku. Ya kuua, ya kulenga. Mimi sikujua kama kuna tofauti. Kwangu bunduki ni bunduki. Lakini mfanyakazi wa vijana akiwa hajui jibu, lazima aulize, la sivyo yeye naye ni mtoto mrefu tu.

Nilimuuliza dereva mmoja wa shirika, Mkenya, mzee wa nywele nyeupe. Kabla ya udereva alikuwa polisi kwao, na siku za ujana wake alikuwa anashindana kulenga shabaha. Gari lake lilikuwa linasubiri watu wa mkutano, na yeye alikuwa amekaa chini ya mwembe. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee, kijana akitaka kuanza mashindano ya bastola, anachagua ipi?" Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kijana wangu, unataka kununua bunduki?" Nikasema hapana, nataka kuelewa. Akachukua kijiti akaanza kuchora mchangani.

Akasema anayeanza haanzi na ile ya sinema. Anaanza na bastola ya .22, risasi ndogo ya michezo, kama milimita 5.6 kwa upana. Hiyo ni risasi ya zamani sana, ilitokea Marekani mwaka 1887 na bado inatumika. Baruti yake ya kuwashia haiko katikati ya kitako kama risasi za vita, imefichwa kwenye ukingo wa ganda, na nyundo inagonga ukingo. Kwa sababu hiyo ganda ni jembamba, nguvu ni ndogo, bei ni ndogo. Likishapigwa ni la kutupa, huwezi kulijaza tena.

"Sasa unachagua vipi?" nikamuuliza. Akahesabu kwa vidole.

Kwanza, mkono. Bastola ishikwe mkononi kama unavyomshika mtu mkono ukimsalimia, na kidole kifike kwenye kifyatulio bila kupinda kiganja. Bastola nzuri ya rafiki yako inaweza kuwa mbaya kwako, kwa sababu mikono si sawa.

Pili, uzito. Nyepesi sana inatetemeka, nzito sana inachosha bega. Kanuni za mashindano ya kimataifa ya mita 25 haziruhusu zaidi ya gramu 1,400, na unaishika kwa mkono mmoja ulionyooka, bila kuegemea kitu.

Tatu, kifyatulio. Kivute sawasawa kila mara, bila kukwama na bila kuruka. Kanuni inataka kibebe angalau gramu 1,000 kabla ya kuachia, yaani uzito wa kilo ya sukari juu ya kidole kimoja.

Nne, alama za kulengea ziwe za kurekebishika, ili ukijua risasi zinaenda kushoto uzirudishe katikati.

Tano, na hapa alicheka, hesabu ya mfuko. "Bastola unanunua mara moja, risasi unanunua kila wiki." Watu wanatumia pesa zote kwa bastola ya Pardini ya Mabingwa, halafu hawana risasi za kufanyia mazoezi, inakaa kabatini. Afadhali Ruger au Browning Buck Mark ya kawaida na maboksi mengi ya risasi. Alisema hiyo Ruger ya .22 ndiyo kitu cha kwanza kabisa kampuni ile iliuza, mwaka 1949, na watu wanaanza nayo mpaka leo.

Nikamuuliza kwa nini nguvu ndogo. Mimi nilidhani bingwa anataka nguvu. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Alisema, "Anayeanza hakosi shabaha kwa sababu ya jicho. Anakosa kwa sababu anaogopa mlio. Ukimpa bunduki kubwa siku ya kwanza, mwili wake unajifunza kwamba nikivuta hapa kuna kishindo na teke. Kesho yake, kabla hajavuta, tayari amefumba macho na mkono umeshuka. Huo woga ukishaingia, kuutoa ni miaka. Ndiyo maana tunampa ndogo. Hatumchagulii bastola, tunamchagulia woga usiingie."

Nilinyamaza. Mzee alikuwa anaongea habari za klabu ya polisi, hakujua kwamba ametaja watu wangu wote. Huku gurudumu la lori likipasuka barabara ya Mpondwe, utaona watu wazima wameinama. Kuna msichana katika kikundi changu anayeziba masikio mlango ukigongwa na upepo. Na mimi mwenyewe. Sisi tulianza na mlio mkubwa. Hakuna aliyetuchagulia ndogo.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kuhusu sheria, na ninaiandika hapa ili asitokee mtu wa kusema gazeti hili linatafuta bunduki. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Bila cheti cha polisi hununui, hushiki, huweki nyumbani. Mzee akaongeza kwamba hata ile ya upepo, usiiguse nchi hii kabla ya kuuliza polisi. Kwa mkimbizi kijana wa Bwera mlango huo umefungwa, na mimi sitaki ufunguliwe. Na kama kuna mtu anakunong'oneza kwamba anakupatia moja kwa njia ya panya, huyo si rafiki yako.

Usiku nilisoma kwenye simu mpaka data ikaisha. Nilikuta kwamba ya Dikeç haikuwa na baruti hata kidogo, ilikuwa bastola ya upepo. Inatupa kitu cha milimita 4.5, umbali wa mita 10, na ile duara ya alama 10 ina upana wa milimita 11.5, kama kifungo cha shati. Nilikuta pia kwamba kwenye Olimpiki kuna shindano la wanawake la bastola ya .22 ya mita 25. Wanapiga mara 30 polepole, kisha mara 30 kwa haraka: shabaha inatokea kwa sekunde 3, inajificha kwa sekunde 7, na kila mara mkono lazima urudi chini kwanza. Na nilimkuta Luna Solomon, aliyekimbia Eritrea akafika Uswisi. Alifundishwa na Niccolò Campriani, Mwitaliano mwenye medali 3 za dhahabu, na mwaka 2021 akashindana Tokyo kwa bunduki ya upepo katika timu ya wakimbizi. Paris 2024 timu hiyo ilikuwa na Mvenezuela, Francisco Edilio Centeno Nieves, kwenye bastola ya upepo. Medali hawakuleta, lakini walisimama pale pale aliposimama mzee wa mkate.

Asubuhi nilienda kwao na yule kijana. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, maana nilimwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia, "Ulikuwa na haki. Ziko za kulenga." Kisha nikamweleza yote ya mzee dereva, moja mpaka tano. Aliuliza swali moja tu: "Sasa sisi tunachagua ipi?"

Tulichagua manati.

Usicheke. Tulizipitisha kwenye kanuni zile zile. Panda tulikata kwenye mpera, na kila mmoja alikata ya mkono wake, mdogo kwa mdogo. Mpira, wavulana wote walitaka tyubu nene ya bodaboda, ile inayoweza kuangusha embe juu kabisa. Yule kijana ndiye aliyewakatalia. "Anayeanza anachukua yenye nguvu ndogo," akasema, kama yeye ndiye aliyekaa chini ya mwembe. Tukatumia tyubu nyembamba ya baiskeli, vipande viwili vya urefu mmoja vilivyopimwa kwa rula, ili mvuto uwe sawa kushoto na kulia. Ngozi ya katikati ilikuwa ulimi wa kiatu kibovu. Na badala ya mawe, tulifinyanga vidonge vya udongo vyenye ukubwa mmoja, tukavianika juani siku tatu. Kikigonga kinavunjika, hakirudi kumpiga mtu. Tena ni bure, mzee angefurahi. Kila mmoja anafinyanga 60 zake kwa wiki, kwa sababu wale wa Olimpiki kwenye bastola ya upepo nao wanapiga 60.

Mahali petu ni shimo la zamani la kufyatulia matofali, ukuta wa udongo uko nyuma na pande mbili. Tulifunga kamba ya kusimamia, hatua kumi kutoka kwenye makopo ya nyanya.

Kabla ya siku ya kwanza nilienda kwa mwenyekiti wa LC1. Ilibidi. Aliniuliza, "Mkimbizi anafundisha watoto kulenga?" Jinsi alivyosema mkimbizi nilitaka nirudi nyumbani. Lakini nilimweleza, nikamwalika. Alikuja, akavua koti, akarusha vidonge vinane, kopo halikutikisika hata mara moja. Watoto walijizuia kucheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Akaruhusu, kwa sharti moja: tusiite kulenga, tuite mchezo wa makopo. Ndivyo tunavyouita.

Kanuni zetu ni nne na zimeandikwa kwenye kipande cha boksi. Hakuna kulenga chenye uhai, si ndege, si mbuzi, si mtu, hata kwa utani. Manati zote zinalala kwangu ndani ya gunia, hakuna anayerudi nayo nyumbani. Anayerusha anavaa miwani ya plastiki, na tunayo mbili tu, kwa hiyo wanarusha wawili wawili. Na nikisema "Weka chini," kila mkono unaweka chini, na hakuna mguu unaovuka kamba mpaka mikono yote iwe mitupu.

Hiyo ya nne ndiyo ilikuwa ngumu. Kulenga walijifunza haraka, kuweka chini ndiko kulichelewa. Kila mtu alitaka amalizie moja tu. Nikafikiri ni utundu, mpaka msichana yule wa kuziba masikio akaniambia, "Yaya, mimi nikiweka chini na mwenzangu bado ameshika, naogopa." Nikaelewa. Katika maisha yao hawajawahi kuona watu wote wanaweka chini kwa pamoja. Basi tukafanya zoezi la kuweka chini peke yake, siku tatu, bila kurusha hata kidonge kimoja. Siku ya nne mikono kumi na miwili ilishuka pamoja, na kulikuwa kimya, na msichana yule akatembea mpaka kwenye makopo akiwa ametupa mgongo kwa watu walioshika manati dakika moja iliyopita. Wengine hawakuona kitu. Mimi niliona.

Si wote waliokubali. Mama wa yule kijana alikuja wiki ya pili, akasimama juu ya shimo na mtoto mgongoni. Aliniita pembeni. "Wewe kijana," akasema, "hawa batoto hawajashiba bunduki? Sisi tulikimbia, wewe unawarudisha?" Nikaanza kumweleza habari za Tokyo na Paris. Akaniambia Paris haijui kilichomkuta mume wake. Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mama, kaa uangalie. Ukisema tuache, mtoto wako ataacha." Alikaa juu ya tofali, hakusema kitu.

Siku ile ile, Mungu anajua, gurudumu la lori likapasuka barabarani. Kishindo kamili. Watoto wote wakalala chini, mimi pia, kifua kwenye udongo. Nilipoinua kichwa nilimtazama yule kijana. Alikuwa amelala kama wengine, lakini manati yake ilikuwa pale kwenye mstari, imewekwa sawasawa, miwani iko pembeni yake. Aliiweka chini kwanza, ndipo akalala.

Mama yake aliona. Alijipangusa vumbi, akarekebisha kitenge, akasema, "Saa kumi na mbili awe nyumbani." Mpaka leo hajasema kwamba anapenda. Lakini kijana anakuja, na hajawahi kuchelewa kurudi.

Sasa ni miezi saba. Anayeongoza si yeye, ni msichana wa masikio. Wiki iliyopita aligonga makopo 41 kati ya 60. Nilimwambia kwamba kuna shindano la mita 25 la wanawake, akaniuliza kama kule wana mlio. Nikasema upo, mdogo, na wanavaa vya kuziba masikio. Akafikiri. Akasema basi ataanza na ile ya upepo.

Mnaosoma kutoka kambini, mkitaka kuanza, mnachohitaji ni mpera, tyubu moja ya baiskeli, udongo, ukuta wa udongo nyuma, na mtu mmoja wa kusema weka chini. Nendeni kwa mwenyekiti kwanza. Na nyinyi wa mashirika mnaoniuliza tunahitaji nini, msiniletee fulana zenye maandishi. Nileteeni miwani kumi ya kukinga macho. Mbili tulizonazo zimeanza kukwaruzika, na watoto wanaanza kuona makopo kwa ukungu.